Harusi Bila Kamati

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wachumba watoe taarifa angalau siku 21 kabla ya kufunga ndoa. Siku 21, basi. Ile miezi sita ya vikao vya Jumapili, kadi za single na double, mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wajumbe wasiokosa kikao chenye nyama choma haimo popote katika sheria ile. Hayo tumejiongezea wenyewe hapa Dar es Salaam, na mimi na mchumba wangu tuliamua kuyaruka. Tungejilipia. Sherehe ingefanyika Jambiani, Unguja, ufukweni, watu arobaini wa karibu. Wangekuja na boti ya asubuhi, wale, wacheze, warudi na boti ya jioni, na sisi tubaki fungate. Bajeti yote ilienea kwenye ukurasa mmoja, na mstari wake wa mwisho, kama bajeti zote za harusi, uliitwa Mengineyo.

Habari zilipotoka, walioshangilia ni wale tuliokuwa tunawadai. Maana mchango wa harusi hauwi zawadi hata ukifungwa utepe; ni mkopo usio na tarehe. Kwa miaka tumechangia wafanyakazi wenzetu, watoto wa majirani, na kijana mmoja ambaye mpaka leo namjua kwa picha ya kwenye kadi tu. Wote hao walilala wakiwa na deni na kuamka wamesamehewa. Shangazi yeye alinivuta jikoni, akashusha sauti kama aliyefika wodini: "Mwanangu, hizo hela mmezitoa wapi?"

Aliyeumia kweli ni Baba Mkubwa. Huyu ndiye mwenyekiti wa kamati zote za harusi za ukoo wetu. Hotuba ya kufungua kikao anaijua kuliko namba yake ya simu. Hakugomba. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Mimi basi nitakuja kama mgeni tu." Mama alinitazama. Sote wawili tulijua tumetishiwa.

Sasa kuna jambo ambalo watu wanaolalamikia michango hawalisemi. Mchango ndio lango la ukumbi. Mweka hazina akimwambia mtu, "Kaka, bila kadi huingii," mtu huyo atamnunia mweka hazina, hatawanunia maharusi. Kamati ni watu waliojitolea kuchukiwa kwa niaba yako. Ukiifuta, unabaki peke yako langoni, na langoni kwenyewe hakuna mlango. Simu zilianza: "Nasikia mmelipia kila kitu. Hongereni sana! Nakuja na watoto, hawajawahi kuona Zanzibar." Utamjibu nini? Huwezi kumwambia hajatoa mchango, kwa sababu wewe ndiye uliyeukataa. Arobaini wakawa sitini na kitu, na kila aliyeongezeka aliona nauli ya boti iko kwetu, maana ukimwita mtu ng'ambo ya maji ni wewe unayemvusha.

Halafu dola. Hoteli ilitutajia bei kwa dola, na mwaka ule wa 2024 dola ilipanda mpaka kuvuka shilingi 2,700. Mume wangu mtarajiwa, mtu wa mahesabu, alisema tununue zote mapema kabla haijafika 3,000. Tukanunua. Kufika Desemba, shilingi ikaimarika ghafla na dola ikashuka chini ya 2,500. Nchi nzima ilifurahi. Kwetu chakula cha usiku kililiwa bila mazungumzo.

Mama naye alisimama kwenye ndafu. Harusi ya Mchaga bila ndafu, alisema, ni mkutano. Kwa hiyo mbuzi mzima alibanikwa Dar usiku, majani mdomoni, akasafiri baharini ndani ya boksi la friji akiwa amezungukwa na mashangazi, na bandarini Malindi mpagazi mmoja aliukataa mzigo ule alipochungulia na kukuta unamtazama. Mpagazi wa pili alikubali kwa bei ya juu. Mengineyo.

Ndoa yenyewe tulikuwa tumeshaifunga kanisani Dar, kwa kuwa mchungaji wetu hafungishi ndoa mchangani; Jambiani alikubali kuja kuomba baraka. Siku ilichaguliwa na mtu wa hoteli. Alisema mwezi utakuwa mpevu, picha za usiku zitapendeza. Saa ilichaguliwa na ratiba ya boti: ibada saa nne na nusu asubuhi, chakula saa saba, wageni waondoke saa nane kuiwahi boti ya saa kumi.

Tulifika ufukweni saa nne na nusu kamili, na bahari haikuwepo.

Sitanii. Palikuwa na mchanga, kisha mchanga uliolowa, kisha vidimbwi, kisha mitumbwi imelala ubavu, na mbali kabisa, kule mawimbi yanakovunjikia mwambani, kamstari keupe. Shangazi alimuuliza mlinzi, mzee wa pale pale kijijini, kama kuna hitilafu. "Bamvua hili, mama," alijibu kwa upole. "Mwezi ukipevuka maji hupwa mpaka kule. Hamkuulizia maji?" Kumbe mwezi ule ule tuliouziwa kwa ajili ya picha ndio uliokuwa umeondoka na bahari.

Na bamvua Jambiani ni siku ya kazi. Wanawake wa huko hulima mwani, nao huuvuna maji yakiwa yametoka namna ile. Mchungaji alipoinua mikono kuomba, nyuma yake wakapita wakirejea kutoka shambani, kanga zimelowa hadi kiunoni, viroba vya mwani kichwani vinachuruzika. Mmoja alisimama. Alinitazama gauni, akatazama viatu vyangu vya visigino vilivyokuwa vimezama mchangani, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Vua viatu hivyo, bibi harusi, utavunjika." Nikavua. Yumo katika kila picha ya ibada, katikati kabisa, kiroba kichwani, na ndiye pekee aliyetabasamu vizuri.

Chakula kilikwenda salama. Ndafu alikatwa, watu wakalishana. Saa nane kasoro robo Baba Mkubwa akasimama na kuomba dakika mbili za nasaha.

Mtu aliyenyimwa kamati ana vikao vyote mwilini. Alianza na babu yetu alivyoteremka kutoka Marangu. Akashukuru wajumbe, ingawa hawakuwepo. Akaeleza maana ya ndoa kwa upande wa mume, kwa upande wa mke, na kwa upande wa majirani. Saa nane na nusu dereva wa Coaster akaanza kupiga honi. Baba Mkubwa akamwomba awe mvumilivu, kisha akaingiza uvumilivu katika nasaha. Wakati huo bahari, tuliyoisubiri asubuhi nzima, ilikuwa inarudi. Ilikuja bila haraka, ikalowesha kitambaa cha meza ya mwisho, ikabeba kiti kimoja cha plastiki, kisha kandambili za wifi yangu. Watu walisogeza meza nyuma wakimsikiliza. Alipofika kwenye "na kwa hayo machache", maji yalikuwa miguuni pake na boti ilikuwa imebakiza chini ya saa moja kung'oa nanga, mjini, ng'ambo ya pili ya kisiwa.

Waliokosa boti walikuwa kama thelathini, na kwa sheria ya kwetu mgeni aliyechelewa kwa sababu ya nasaha halali kituoni. Hoteli ilikuwa na vyumba vichache. Hela ya fungate ililipia vyote, na bado havikutosha, kwa hiyo wanaume walilala na wanaume, wanawake na wanawake, nami usiku wangu wa harusi niliupitisha kati ya shangazi na wifi, chini ya neti moja, nikisikiliza lawama za kandambili. Kifurushi cha maharusi hakikuwa na marejesho. Chakula cha mishumaa cha watu wawili mchangani alikaribishwa mchungaji, na Baba Mkubwa akajikaribisha kumpa kampani. Walionekana wakizungumza mpaka mishumaa ikaisha.

Chumba cha maharusi chenyewe tulimpa Bibi, kwa umri wake. Kulipopambazuka nilikwenda kumwamkia. Nilimkuta ameketi kibarazani, kanga begani, maua yote ya asumini na mawaridi yaliyokuwa yametandazwa kitandani ameyakusanya na kuyafunga ndani ya mfuko.

"Shikamoo, Bibi. Umelalaje?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Pazuri hapa," alisema, akinikabidhi ule mfuko nikautupe. "Ila waambie wafagie vitandani. Na kesho je, mmeshalipia?"