Unga wa Shangazi Umepimwa Mabomu

Mama, Mzee, Shangazi, na nyinyi wote mnaosomewa barua hii pale kibarazani Kinyamaseke na mtu mmoja anayeongeza chumvi yake kila baada ya mstari, mwabukire.

Mtoto wa dada ameoa. Hiyo mnaijua, picha mmeshaziona kwenye simu, na nimesikia kwamba mmeshazijadili nguo za bibi harusi mpaka zikaisha. Picha hazikusema jinsi mimi nilivyofika huko New Orleans, mwezi wa Agosti, na begi moja dogo la mkononi, nikitokea Minneapolis ambako baridi imenikaa hadi ngozi yangu imesahau kazi ya kutoa jasho.

Huku kusafiri na mzigo mdogo ni ustaarabu. Watu wanajisifia. Kuna vitabu vinavyofundisha, kuna video za mtu anayekunja suruali kwa dakika kumi huku muziki unapigwa. Mwenzangu wa zamu ya usiku alinihubiria: nguo tatu, rangi zinazopatana, ufue usiku, uvae asubuhi. Nikamuuliza, na mizigo ya watu niiweke wapi? Akaniuliza, watu gani?

Jamani, ningemwelezaje? Nyinyi mnaijua teksi inayotoka Kikorongo kwenda Bwera. Abiria akipanda na mkoba wake tu, hana kavera (mfuko wa plastiki) ya samaki wa Katunguru, hana kuku wa mtu aliyefungwa miguu wa kushushwa Kisinga, watu wanamtazama mara mbili: huyu ama anatoroka, ama hana ndugu. Begi la msafiri kwetu ni mali ya kijiji. Ndani mna kahawa ya mjomba, karo ya mtoto wa jirani ndani ya bahasha iliyobandikwa ugali, dawa za bibi, simu iliyoharibika inayokwenda kwa fundi Kasese. Nguo za msafiri mwenyewe kazi yake ni kuzuia chupa zisigongane.

Basi nikatii ustaarabu. Nikapunguza kila kitu isipokuwa unga wa muhogo. Shangazi, ule uliompa mtu akaniletea. Usingebaki. Harusi ya Mkonzo bila obundu, ugali huo wa muhogo, ni mkutano.

Pale uwanja wa ndege kuna sheria ya majimaji: chupa isizidi mililita 100, na chupa zote ziingie kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Ilianza 2006, baada ya Waingereza kugundua njama ya kulipua ndege zikiwa angani kwa kemikali zilizotiwa kwenye chupa za vinywaji. Hapo sina ubishi. Lakini mnajua kwamba kwa hesabu yao karanga za kusaga nazo ni majimaji? Zile za kwetu ambazo kijiko kikisimama hakianguki, serikali kubwa ya Marekani imekaa ikaamua ni maji. Asali ni maji. Mafuta ya kujipaka ni maji. Nikajiambia, afadhali mimi nimebeba kitu kikavu.

Kumbe na kikavu kina sura yake katika sheria. Tangu Juni 2018, ukipanda ndege ya kwenda Marekani, unga wowote unaozidi mililita 350, yaani ujazo wa kopo moja la soda, unatazamwa peke yake, na hata kwenye safari za ndani wanataka uutoe begini. Mimi nilikuwa na makopo mengi ya soda, meupe, ndani ya kavera nyeusi iliyofungwa fundo na Shangazi, na nyinyi mnayajua mafundo ya Shangazi. Yule mkaguzi kijana alihangaika nalo na glavu zake mpaka nikamhurumia. Akauliza ni nini. Nikasema muhogo. Akamwita mwenzake, mama mtu mzima. Nikaeleza: unachemsha maji, unamimina unga, unasonga mpaka ukaze. Yule mama akauliza unaliwa na nini. Hapo nikajisahau. Nikaanza na sombe, nikaenda kwenye maharagwe, nikafika kwa samaki mkavu wa Katwe anayepikwa taratibu jioni, mpaka sauti ikanibadilika, na nyuma yangu foleni ya watu inanisikiliza mimi na chakula cha mama yangu.

Kijana akapangusa kavera kwa kitambaa kidogo, akakitia kitambaa kwenye mashine. Mashine ikafikiri. Ikawasha kijani. Shangazi, wasingya, asante: unga wako hauna bomu. Kitaalamu kabisa, umepimwa.

Nilidhani yamekwisha. Mlangoni pa kuingilia ndege nikakutana na kizimba. Sijui niwaelezeje. Ni fremu ya chuma, haina kifuniko wala mlango, imesimama peke yake karibu na meza ya mhudumu, na sheria yake ni kwamba begi lako liingie lote na litoke bila kuvutwa na watu wawili. Inchi 22 kwa 14 kwa 9, ambazo ni sentimita 56 kwa 36 kwa 23. Magurudumu yanahesabiwa. Mkono wa kushikia unahesabiwa. Uzito hauhesabiwi! Ningeweza kujaza mawe ya mto Nyamwamba mle ndani na wangenitakia safari njema, mradi mawe yana umbo la adabu; lakini mto wa pamba ukituna kidogo, unalipa, na malipo ya kunaswa pale mlangoni yanaikaribia nauli yenyewe. Kwetu mzigo unajadiliwa. Kondakta anautazama, anakutazama viatu, anataja bei ya wazimu, unacheka, unamuuliza yeye ni wa ukoo gani, mnagundua shangazi yake ameolewa kwenu, mzigo unapanda juu bure. Kizimba hakina ukoo. Nilimwona bwana mmoja mwenye tai akilikalia begi lake, mtu mzima mwenye heshima, anaruka ruka juu yake, na hakuna aliyecheka kwa sababu kila mmoja alikuwa anakadiria lake kwa macho.

Hapo nikaona kilipo kichochoro. Sheria inapima begi, haimpimi mtu. Nikafungua langu, nikavaa koti la suti ya harusi juu ya shati, nikaongeza shati la pili, nikavuta suruali ya suti juu ya ile niliyovaa, chaja mfuko huu, soksi mfuko ule, Biblia kifuani. Begi likaingia kizimbani bila kugusa kingo, likatoka. Mimi ndiye niliyepata shida kuingia kwenye kiti.

Ndege ikatua. Mimi, mtoto wa bondeni, niliyekulia kwenye jua linalokausha jezi kabla hujamaliza kuoga, nikadhani joto ni ndugu yangu. Lakini joto la kwetu ni la wazi: linakupiga kichwani, unaingia chini ya mwembe, mmeachana, na jioni mlima unateremsha upepo. La New Orleans halijui kivuli. Ulipofunguka mlango wa nje nilihisi kama mtu amefunua sufuria ya matoke mbele ya uso wangu akasahau kuifunika tena. Hewa ina maji. Unaivuta, unaitafuna. Na mimi nimevaa suruali mbili.

Mpwa wangu alikuja kunipokea. Akanitazama, akauliza kwa heshima zote, "Mjomba, unaumwa?"

Tukaingia kwenye gari lake. Baridi! Tukaingia nyumbani kwa wakwe: baridi zaidi. Benki, duka, kanisa, kote mashine za kupoza zinanguruma hadi digrii 20 na chini ya hapo. Mji mzima nje ni Katwe na ndani ni theluji ya Margherita, na unavuka mpaka huo bila maandalizi, miwani inazibwa na ukungu. Ushauri wote niliopewa ulisema nibebe nguo nyepesi. Hakuna aliyesema zivaliwe wapi. Mahali pekee niliposikia mwili umetulia ni ndani ya tramu ya zamani ya mtaa wa St. Charles, njia iliyoanza kazi 1835. Mabehewa yake ya kijani hayana mashine ya kupoza. Unafungua dirisha mwenyewe, upepo unaingia, jirani yako anatoa jasho kama wewe, mnaanza kuzungumza. Nilikwenda nayo mpaka mwisho wa njia nikarudi, sikuwa na safari yoyote.

Ile falsafa ya kufua usiku uvae asubuhi nayo iliniaibisha kwa wakwe. Nilifua shati, nikalitundika bafuni. Asubuhi lilikuwa na maji kuliko nilivyoliacha. Nikalikausha kwa kile kimashine cha kukausha nywele cha bibi harusi, nimekishika kama bastola, huku akina dada zake wanapita mlangoni mmoja mmoja kuhakikisha wameona vizuri.

Harusi yenyewe mmeiona. Lakini ule msafara wa barabarani lazima niuseme, kwa sababu mama mmoja hapo amesikika akiuliza kwa nini mjomba alikuwa analia. Kule wakitoka kanisani bendi ya matarumbeta inatangulia, maharusi wanafuata na miavuli iliyopambwa, na wageni wote nyuma wanacheza huku wakipunga leso nyeupe. Wanauita second line. Una kibali cha jiji, una polisi wa pikipiki wanaozuia magari, na nilipowaona nikawakumbuka boda wetu wakisindikiza harusi kwa honi kutoka Bwera hadi barabara ya vumbi, bila kibali cha mtu yeyote. Nilipewa leso. Nikajifuta uso. Nikajifuta shingo, nikaikamua, nikaanza upya. Watu wakanipigia makofi. Wakadhani ni mtindo wa Afrika, wakanisogeza mbele. Sikulia, mama. Yalikuwa maji ya suti.

Sasa nimfikie bibi yake bibi harusi, maana huyu mngempenda. Siku ya pili yake alinipeleka kuona makaburi yao, yamejengwa juu ya ardhi kama vijumba. Huko ukichimba kidogo tu unakuta maji. Sehemu kubwa ya mji iko chini ya usawa wa bahari. Mvua ikinyesha haina pa kuteremkia, inasukumwa nje kwa pampu. Nikamweleza kuhusu kwetu, kwamba sisi maji hatuyasukumi, yanatusukuma. Nikamsimulia Nyamwamba ya Mei 2013 ilivyoshuka Kilembe na mawe makubwa kuliko gari lake. Akatikisa kichwa. Akaniambia Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipokuja, alitoka nyumbani na mkoba mmoja: vidonge, hati ya nyumba, picha ya harusi ya mama yake. Asilimia 80 ya mji ilikaa chini ya maji. Alikaa Texas muda mrefu na mkoba ule ule. Nilipomsimulia kwamba huko Minneapolis kuna watu wanafundishwa kwa pesa jinsi ya kubeba kidogo, alicheka mpaka akashika kaburi la mtu.

Mama, nilikukumbuka. Novemba 1996, waasi wa ADF walipovamia Mpondwe na habari zikatufikia, wewe ulibeba sufuria, blanketi na kuku, na kuku akataga njiani. Hatukuwa na kizimba, lakini nadhani tungepita.

Yule bibi hakukubali niondoke mikono mitupu. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimefika Afrika kwa mlango wa nyuma. Alinifungia maharagwe mekundu makavu, ambayo wao huyapika Jumatatu na wali. Akanifungia peremende za njugu. Kisha akafungua friza akatoa gumbo, ule mchuzi wao mzito wa bamia na kamba, akiwa ameugandisha kwenye bakuli. Nikamwambia, bibi, huu ni majimaji, watauchukua. Akanitazama kama mtu anayeongea na mtoto. Alijua sheria kuliko mimi: kitu kilichoganda kama jiwe kinapita, ila kikianza kulegea kabla ya ukaguzi kimekuwa maji na kinatupwa. Akauzungushia magazeti na taulo, akamwambia mpwa wangu aendeshe kwa akili lakini asilale.

Tulikwenda uwanjani tumewasha baridi yote ya gari, mimi nimelikumbatia bakuli, meno yananigongana, nje watu wanatembea na chupa za maji kichwani. Mkaguzi alilibonyeza kwa kidole. Akabonyeza upande wa pili. Akasikiliza, sijui alisikia nini. "Limeganda," akasema, nami nikavuta pumzi iliyotoka na moshi.

Kizimbani begi lilikataa. Nikavaa suti.

Jana nimesonga unga uliobaki nikaula na ile gumbo. Shangazi, usimwambie mtu: vinapatana. Mjomba nawe, vile viatu namba 44 ulivyoagiza vinamaliza begi zima. Subiri nipate mtu anayekuja na begi la kulipia, au kubali namba 41. Nitapiga Jumapili mkitoka kanisani. Kaeni pale barabarani penye mtandao, si nyuma ya nyumba, na safari hii mmoja mmoja aongee.