Gari Limegoma Mabawa: Mwongozo kwa Mwenye Mkweche

Gari la zamani likigoma kuwaka asubuhi pale Mabawa, Tanga, majibu hufika kabla hujafungua boneti. Wa kwanza kwenye baraza la kahawa anasema ni pampu. Wa pili anasema plagi. Wa tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli yenye breki, anaapa kuwa kontrol boksi imekufa, na bahati nzuri mpwa wake anaziuza. "Mgosi, nunua tu, utanishukuru." Gumzo la Coastal Union ya 1988, mabingwa wa nchi, linasimamishwa kwa heshima ya Corolla yako.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye Corolla hiyo. Una sharti moja: pesa isitoke mfukoni mpaka gari limepimwa.

Hatua ya 1: Wape wataalamu kazi

Usiwafukuze watu wa baraza, maana utawahitaji. Mwenye sauti kubwa kuliko wote akae kwenye usukani, apige stata utakapomwambia, na asizidishe sekunde 10 kwa mara moja. Stata inakula umeme mwingi na inapata moto haraka, kwa hiyo ipumzishwe nusu dakika kabla ya kujaribu tena. Mwenye masikio makali aende nyuma, asimame karibu na tangi. Mjomba wa muuza spea akalete maji ya moto. Na kila atakayetaja jina la kifaa aulizwe swali moja tu: "Umepimaje?" Asiye na jibu arudi kwenye kashata yake kwa amani.

Hatua ya 2: Sikiliza linavyokataa

Injini ya petroli inataka mambo manne ili iwake: izungushwe, ipate hewa, ipate mafuta, na ipate cheche kwa wakati wake. Sauti ya kugoma itakuambia ni lipi limekosekana.

Ukisikia *ka-ka-ka-ka* ya haraka na taa za dashibodi zinafifia, umeme ni mdogo. Tatizo liko kwenye betri au kwenye njia ya kutokea betri.

Ukisikia *ta!* moja nzito kisha kimya, na taa bado zinang'aa, mshuku stata. Kwenye Toyota nyingi za zamani, vipande vya shaba vilivyo ndani ya swichi ya stata huliwa kidogo kidogo mpaka visigusane sawasawa. Fundi anaweza kubadilisha vipande hivyo peke yake. Anayekutaka ununue stata nzima akuonyeshe kwanza shaba iliyolika.

Kama kimya ni cha moja kwa moja, anza na fyuzi na swichi ya ufunguo. Gari likiwa la automatiki, toa gia kwenye P, weka N, jaribu tena. Kuna swichi ndogo inayozuia stata gari likiwa kwenye gia. Ikichakaa, huzuia hata pasipostahili.

Likizunguka vizuri lakini haliwaki, iache betri. Ruka hatua ya tatu, nenda ya nne. Na likizunguka kwa wepesi na kasi usiyoizoea, acha kabisa kupiga stata: huenda mkanda wa taimingi umekatika, na hapo aitwe fundi.

Hatua ya 3: Ondoa chumvi kwanza

Hapa ndipo gari la Tanga linapoachana na gari la Dodoma. Sisi tunaishi na bahari. Upepo unaleta unyevu na chumvi, na vyote viwili hukaa kwenye chuma. Fungua boneti utazame vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani unauzuia umeme kupita, hata kama betri yenyewe ni nzima. Betri nyingi zimetupwa mjini kwetu kwa kosa la unga huo.

Zima kila kitu. Chukua spana namba 10, fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Changanya magadi kidogo na maji ya moto, sugua kwa mswaki uliostaafu, suuza, kausha. Magadi huua asidi iliyovuja. Rudisha waya wa chanya kwanza na wa hasi mwisho, kaza, halafu paka mafuta ya mgando juu yake ili chumvi isipate pa kukaa. Fuata pia waya wa hasi unaposhuka kwenye bodi na kwenye injini, maana huko chini kutu hujificha, na watu wachache huinama kuitafuta.

Sasa tumia mita. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa na limetulia, husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikikaribia 11.8 imekwisha. Mwambie aliye kwenye usukani apige stata huku ukitazama: ikiporomoka chini ya volti 9.6, na ilikuwa imechajiwa, betri hiyo imechoka. Kama ni ya kufunguliwa na maji yamepungua, ongeza maji ya betri tu. Maji ya bomba na ya kisima yana madini yanayoiharibu.

Ukiazima umeme kwa jirani, unganisha chanya kwa chanya. Waya wa pili uanzie kwenye hasi ya betri nzima na uishie kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche. Atakayekuambia chanya na hasi havina tofauti apelekwe haraka kusaidia kazi nyingine.

Hatua ya 4: Tafuta cheche

Gari linazunguka, haliwaki. Uliza kwanza: jana lilioshwa wapi? Wapo wanaopenda injini ing'ae, wakaruhusu mashine ya maji ipige mpaka kwenye distributa. Magari mengi ya miaka ya 1990, kama Corolla yenye injini ya 5A, yana kifuniko cha distributa kinachogawa umeme kwa plagi nne. Maji au unyevu ukiingia humo, umeme hupita njia za mkato. Kifungue, kikaushe kwa kitambaa safi, kitazame kama kina ufa au mistari myeusi ya kuungua. Unapotoa nyaya za plagi, zitie alama. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na nyaya mbili zikibadilishana nafasi, gari zima litapiga chafya bila kuwaka.

Plagi nazo husema. Ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayaungui. Ikitoka kavu kabisa baada ya stata kupigwa mara kadhaa, huenda mafuta hayafiki. Kipimo cha cheche kifanywe na anayekijua, kwa koleo lenye mpini wa mpira, mbali na harufu ya petroli. Umeme wa koili ni maelfu ya volti.

Hatua ya 5: Tafuta mafuta

Usiiamini geji. Kwenye gari la miaka 25, geji inaweza kukwama kwenye robo huku tangi likiwa tupu. Mimina lita chache kisha ujaribu, kipimo hiki ni rahisi na mara nyingi ndicho kinachomaliza mjadala. Halafu muulize yule wa nyuma: stata ikipigwa, pampu inavuma ndani ya tangi? Isipovuma, pima fyuzi na rilei yake kabla ya kuihukumu. Ikivuma na mafuta hayafiki, tazama filta.

Baraza litasema mafuta yamechakachuliwa. Uchakachuaji ulisumbua nchi kiasi kwamba mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Hata hivyo, kwenye gari la zamani, anza na maji na kutu vya tangi lako mwenyewe. Ukinusa petroli kali, injini imelowa: subiri dakika chache, kanyaga mafuta mpaka chini bila kuachia, piga stata sekunde chache.

Hatua ya 6: Kusukuma

Kusukuma kunafaa gari la klachi peke yake, na pale tu betri ndiyo dhaifu. Ufunguo uwe umewashwa, gia ya pili, klachi chini. Likishika mwendo, achia klachi. Gari la automatiki lisisukumwe ili liwake: haliwaki hivyo, hata mtaa mzima ukijitolea. Anayeendesha akumbuke kuwa injini ikiwa imezimwa, breki na usukani huwa vizito. Watoto wasisimame mbele.

Hatua ya 7: Lipa anayepima

Likiwaka, pima tena kwenye betri. Injini ikiwa inanguruma, mita isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, oltaneta haichaji, na kesho asubuhi baraza litakusanyika upya.

Ikishindikana, mwite fundi umeme, na umlipe kwa kupima. Hapa ndipo tunapojiumiza wenyewe. Tunakubali kulipia spea kwa sababu inashikika mkononi, lakini fundi akitumia saa nzima kutafuta waya mmoja uliokatika, tunamwambia, "Si umekaza tu?" Tukimnyima ujira wa akili yake, tunamfundisha kuishi kwa kuuza vifaa, na gari linabadilishwa kimoja baada ya kingine mpaka ugonjwa uguswe kwa bahati. Kubaliana naye bei ya kupima kabla hajafungua boneti. Mwambie akuonyeshe alichokikuta na akupe kifaa cha zamani akikibadilisha. Fundi anayelipwa kwa kusema kweli anaweza kukuambia tatizo ni fyuzi na bado nyumbani kwake kukapikwa.