Kidani cha Mama Mkwe

Wewe uliye na mzee ndani ya nyumba, sogea tusikilizane, maana haya mambo tunayajua sisi tunaoyaishi. Anayedhani kitufe cha dharura cha mzee huchaguliwa kwa bei na rangi hajamwona mama mkwe wangu. Mama ni wa Tanga hasa, ana sukari na presha, na tangu aje kuishi nasi hapa Milton Keynes hapendi mtu yeyote amwite mgonjwa. Wajukuu wanamwita Kamanda, naye anaitika.

Mchana sote tunatawanyika, kazini na shuleni, naye hubaki peke yake. Aliyeleta hoja ni shemeji yangu, ninayemwita Profesa kwa sababu hajawahi kula pilau bila kusoma simu. Jumapili moja akaanza kutusomea mezani: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio wengi. Mama akamwambia ale kwanza, wali unapoa. Lakini Profesa akaongeza kwamba mzee akilala sakafuni zaidi ya saa moja bila msaada, hata kama hakuvunjika mfupa, baridi, kiu na misuli kuharibika vinaweza kummaliza. Mke wangu akaweka kijiko chini. Basi, tukajua kifaa kitanunuliwa.

Tukagombana wiki nzima. Vifaa vya zamani hupitia waya wa simu ya mezani, na nyaya hizo za zamani Uingereza zinazimwa, mwisho ni Januari 2027. Profesa akashikilia kisanduku chenye laini yake ndani na betri yake, umeme ukikatika kisiwe bubu. Shemeji nampinga katika mengi, lakini hapo alisema kweli tupu. Mke wangu, Bi Hesabu, naye akagundua kwamba mwenye maradhi ya kudumu akinunua kifaa kama hiki halipi ile kodi ya VAT ya asilimia 20. Anajaza fomu tu. Mama akakataa kuandikwa mgonjwa kwenye karatasi ya Serikali ya watu. Alibembelezwa kwa chai ya tangawizi na mkate wa sinia mpaka akatia saini.

Kisanduku kikaja na kidani cha shingoni, kile kinachohisi chenyewe mtu akianguka. Adhuhuri moja Mama yuko kwenye mswala, akaenda sijida, kidani kikaning'inia kikagonga sakafu. Kisanduku kikaita kituo cha kupokea simu za dharura, sauti ya dada wa Kizungu ikajaa sebuleni kuuliza kama yuko salama. Mama hawezi kujibu, yumo ndani ya swala. Akafanya anachotakiwa kufanya mwanamke anayeswali akitaka kuashiria jambo: akapiga kofi. Yule dada akasikia kishindo. Akauliza tena kwa sauti kubwa zaidi, Mama akapiga kofi kubwa zaidi.

Wakampigia mke wangu, wakanipigia mimi, wakampigia Profesa, aliyekuwa karibu. Akafika mbio, akafungua kwa namba ya siri kisanduku cha ukutani nje tunamoweka ufunguo wa nyumba, akazungusha ufunguo, mlango haukusogea. Mama alikuwa amefunga na komeo kwa ndani, kama alivyofunga milango maisha yake yote. Ndugu yangu, kama umeweka kisanduku cha ufunguo, likague komeo leo hii! Mama akatoa salamu, akamaliza tasbihi zake zote, ndipo akafungua na kumuuliza mwanawe kwa nini amekanyaga maua.

Komeo nimeling'oa. Kidani kimerudi kilikotoka, na badala yake Mama anavaa kitufe cha mkononi, kati ya bangili zake, hata bafuni na wakati wa kutawadha, kwa kuwa hakiogopi maji na bafuni ndiko kwenye utelezi. Lakini hiki ni lazima akibonyeze mwenyewe. Akizimia hakisemi kitu. Hilo linaniuma, na ndiyo maana mke wangu humpigia kila adhuhuri, baada ya swala.

Jambo ambalo kipeperushi hakikulitaja ni lugha. Mama akiwa mzima Kiingereza chake kinatosha dukani, ila akishtuka huja Kiswahili kitupu. Tuliwauliza kituo kama wana mkalimani wa simu, tukaandikisha kwamba anazungumza Kiswahili na binti yake aunganishwe kwanza.

Kila mwezi kitufe hujaribiwa: unabonyeza, mhudumu anaitika, unamwambia ni jaribio, basi. Mama haoni adabu kumwita mtu halafu usimjulie hali. Humketisha binti yetu Nasra awe mkalimani, akauliza kazi, wazazi, watoto, na baridi ya huko aliko. Mwezi uliopita mhudumu alisema mama yake anaumwa goti. Nasra bado anatafsiri maelekezo ya kukanda kwa mafuta ya karafuu.