Asilimia 14 ya Pumzi Yangu

Nilikwenda Marekani kwa kamati. Kikao cha kwanza kilikaa uani kwa Baba Mdogo, Machame, Jumapili baada ya ibada, na mpita njia angeapa kwamba naoa. Palikuwa na mwenyekiti, katibu, mhazini, sufuria la mtori, na kadi za mchango zilizochapwa Moshi mjini zikiwa na njiwa wawili na pete pembeni, kwa kuwa mchapaji hakuwa na mfano mwingine. Shangazi aliahidi laki mbili. Mjomba aliahidi mkaratusi mmoja uliosimama, mnunuzi akate mwenyewe. Baba Mdogo, aliyekuwa mhazini, aliandika kila ahadi kwenye kaunta buku, akaipigia mstari kwa rula, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu," akasema, "humu ndani umo wewe mzima."

Wenzangu niliomaliza nao kidato cha sita walikuwa wanangoja bumu la Bodi ya Mikopo. Bumu langu lilikuwa kaunta buku hiyo.

Lilinitosha mwaka mmoja, tena kwa kubana. Vyuo vya serikali kule vina bei mbili, ya mwenyeji wa jimbo na ya mgeni, na ya mgeni huweza kuwa mara mbili ya ile ya kwanza au zaidi. Mgeni si lazima awe Mtanzania. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo ya mto, jimbo la jirani, naye ni mgeni, analipa sawa na mimi niliyetoka chini ya Kilimanjaro. Hilo lilinifariji kwa siku moja hivi. Mikopo ya serikali yao ni ya watu wao. Viza yangu iliniruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki, ndani ya chuo tu, muhula ukiwa unaendelea, kwa hiyo nikawa naosha vyombo bwaloni. Kufikia mwezi wa nne nilikuwa nimepiga hesabu kwa kalamu, kwa simu, na hatimaye kwa maombi, na zote zilileta jibu lilelile.

Ndipo nikaliona tangazo nje ya chumba cha kufulia nguo. Bendi ya chuo inatafuta wapigaji. Atakayechaguliwa kutoka nje ya jimbo atalipa ada ya mwenyeji, na juu yake atapewa kitu kidogo cha bweni na chakula. Nililisoma mara tatu. Watu wanaishi jimbo lile miaka, wanapiga kura, wanazika wazazi wao pale, ndipo wanaitwa wenyeji. Mimi nilitakiwa kupuliza.

Na kupuliza nilikujua. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na pamoja na Ulutheri wakatuachia mapenzi ya tarumbeta. Usharikani kwetu nilikuwa nimepiga tangu darasa la sita. Tatizo ni kwamba nilifundishwa kwa sikio, na mzee mmoja aliyekuwa akiniimbia do-re-mi huku akinigonga bega kwa fimbo kila nilipochelewa. Siku ya usaili mwalimu wa bendi aliniwekea karatasi yenye nota nyeusi zilizojipanga kama siafu wanahama. Niliitazama kwa heshima, nikafumba macho, nikapiga wimbo wa Pasaka, beti zote nne. Akasubiri mpaka nimalize.

"Huo haumo kwenye karatasi," akasema.

"Haumo," nikakubali.

Akanizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. "Mgongo wako ni mzima?"

Kumbe walikuwa na susafoni nne zisizo na watu. Hivyo ndivyo nilivyopata skolashipu: kwa sababu ya mgongo.

Kwa ambaye hajaiona, susafoni ni tarumbeta lililokataa kukua kwa adabu. Inakuzunguka mwilini kama chatu, inakukalia bega la kushoto, na mdomo wake mpana kama beseni la kuogeshea mtoto unatazama mbele juu ya kichwa chako. Ya shaba inapita kilo 15. Jina ni la John Philip Sousa, aliyeiongoza bendi ya wanamaji wa Marekani kuanzia 1880 hadi 1892 na aliyetaka ala nzito ambayo sauti yake ingepaa juu ya bendi nzima. Naamini hakuibeba yeye. Za mwanzo zilikuwa na mdomo uliotazama mbinguni, na wapigaji wenyewe wakaziita kinga mvua. Yangu ilitazama mbele, ila jukwaani, nikiwa nimekaa, watu wa safu za juu waliigeuza pipa la bisi. Siku moja tuliinama kuwashukuru mashabiki, na nusu kilo ya bisi ikamwagikia binti wa klarineti aliyekuwa mbele yangu. Hakuongea nami mpaka mwezi wa kumi na moja.

Lakini nimeruka kambi.

Kambi ya bendi hufanyika Agosti, kabla masomo hayajaanza, asubuhi mpaka usiku. Agosti ya kusini mwa Marekani ni joto linalokukalia bega moja kama mtoto mgonjwa, na bega la pili nilikuwa nimeshalitoa kwa susafoni. Hata hivyo nilikwenda nikiwa na kiburi. Nilikuwa nimepita Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria. Kwata naijua. Nikawaambia wenzangu kwamba kutembea kwa pamoja si jambo la kumsumbua mtu aliyepigishwa gwaride saa kumi na moja alfajiri na koplo mwenye mafua.

JKT, mguu ukitua, vumbi lazima lijue. Kule ni kinyume. Mwendo ni wa kuteleza: kisigino kinatangulia, unyayo unafuata taratibu, kifua hakitikisiki, kana kwamba umembebea mkweo kikombe cha chai. Hatua ni nane kwa kila yadi tano, yaani kila hatua ni inchi 22.5. Si 22. Si 23. Nilipokita mguu wa kwanza kikwetukwetu, kipulizio cha ala kilinigonga meno na midomo ikavimba papo hapo. Kiongozi wa wapiga susafoni, binti wa miaka 20 anayesoma uhandisi, mfupi kuliko ala yake, akanijia mbio akinifokea. Sikuelewa hata neno moja, ila sauti ile mwili wangu uliijua. Nikasimama wima na kupaza sauti:

"Ndiyo, afande!"

Uwanja mzima ulinyamaza. Kesho yake alfajiri, binti yule alipotoa amri ya kwanza, susafoni zote kumi na mbili zikaitikia, "Ndyo afandi!" Kufikia wiki ya pili wapiga ngoma nao walikuwa wameliokota. Mpaka leo wapo wahandisi, wauguzi na angalau mchungaji mmoja katika jimbo lile ambao Kiswahili chao chote ni hicho.

Ni binti huyohuyo aliyenipa moyo nilipotaka kurudisha chatu wao. Akaniambia mpiga susafoni si mtu mdogo. Huko Ohio State, bendi huandika jina la jimbo lao uwanjani kwa miili ya watu, tangu mwaka 1936, na anayepewa heshima ya kutoka peke yake kwenda kusimama kama nukta ya herufi i ni mpiga susafoni. Watu wanangoja miaka kuwa nukta ile. Nilimsikiliza nikiwa nimelala chali kwenye nyasi na barafu mdomoni. Neno nukta likanikaa.

Sasa, kila mpigaji huvaa shingoni kijitabu kinachoonyesha asimame wapi katika kila picha tunayochora uwanjani. Mfano: picha ya 14, hatua mbili kutoka mstari wa yadi 40. Kijitabu kinasema pia ni upande gani wa uwanja, kwa herufi ndogo, na sikuona umuhimu wa herufi ndogo. Uwanja wa futiboli yao ya Kimarekani una yadi 100, na mtu mwenye akili angetegemea mistari ihesabiwe kutoka sifuri mpaka 100. Wao wanahesabu mpaka 50 katikati, kisha wanarudi kinyumenyume: 40, 30, 20. Kwa hiyo mistari ya 40 ipo miwili, na kati yake kuna yadi 20 za upweke.

Mechi ya kwanza ya nyumbani, wakati wa mapumziko, tulitakiwa kuchora nyota. Nilihesabu hatua zangu vizuri, za kuteleza, chai ya mkwe haikumwagika. Nilifika mstari wa 40, hatua mbili, nikasimama, nikapuliza nota ndefu. Ikaendelea kuwa ndefu. Nikaona siwasikii wenzangu kushoto wala kulia. Nikageuza jicho, shingo ikiwa imefungwa na chatu: nyota ilikuwa kule, imekamilika isipokuwa ncha moja, na mimi nilikuwa huku, peke yangu katika bahari ya majani, nimevaa kofia yenye manyoya marefu meupe, natoa sauti kama meli inayoomba msaada.

Ningekimbia, lakini kwa susafoni hukimbii, unahama. Nikabaki. Nikapiga mpaka picha ikaisha, kwa ujasiri wa mtu asiye na pa kwenda. Na mashabiki wakasimama wakashangilia! Walidhani ni mimi nukta. Bwaloni usiku ule, mikono yangu ikiwa kwenye maji ya sabuni, mzee mmoja aliyekuwa akipakua viazi aliniuliza ile ishara ya mtu mmoja mbali na nyota ilikuwa na maana gani. Nikamwambia ni mwanafunzi wa kigeni. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaniongezea viazi.

Mwalimu wa bendi hakuongeza kitu. Alinionyesha tu ile herufi ndogo kwa ncha ya kalamu, akaiacha kalamu pale muda mrefu.

Ikaja barua. Ofisi inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni ilinijulisha kwamba ada niliyosamehewa haina kodi, ila kile kitu kidogo cha bweni na chakula ni kipato, na mwanafunzi wa viza yangu hukatwa asilimia 14. Nilikaa kitandani nikapiga hesabu. Kumi na nne katika mia ni karibu moja katika saba. Maana yake, katika kila pumzi saba nilizopuliza kwenye shaba ile, moja ilikuwa ya serikali ya Marekani. Mazoezi yaliyofuata nilikuwa nikizihesabu: hii yangu, hii yangu, hii yangu... Ya saba nilikuwa naipuliza kwa kinyongo, na binti wa uhandisi akaniuliza kwa nini kila baada ya muda sauti yangu inakufa.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, lilikuwa kutuma picha. Kundi la WhatsApp la kamati lilikuwa bado hai, jina lake "SAFARI YA MASOMO", na njiwa wawili kwenye picha ya kundi. Nikatuma picha yangu ndani ya sare: manyoya kichwani, vifungo vya dhahabu, chatu wa shaba. Nilidhani watafurahi. Mama aliandika wa kwanza: "Limekung'ata?" Shangazi akauliza kama sare ile inaweza kuazimwa. Baba Mdogo hakuandika. Alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba.

"Shikamoo uliyoandika tumeipokea, marahaba," alianza. "Sasa mwanangu, tulikaa vikao vitatu. Mjomba wako amekata mkaratusi. Na hapa Moshi stendi wapo vijana wanapiga matarumbeta kwenye harusi, wanakula, wanalala kwao, hawajapanda ndege. Nisaidie kuelewa."

Nikamweleza habari ya ada ya mwenyeji. Nikamweleza kwamba bendi za vyuo kule si mchezo, kwamba ya Florida A&M ilipelekwa hadi Paris mwaka 1989 kuiwakilisha Marekani kwenye gwaride la miaka 200 ya Mapinduzi ya Ufaransa. Akajibu, "Na wewe wamekupeleka wapi?" Nilipelekwa mstari wa 40, ila sikuona busara ya kulisema hilo. Ningeweza pia kumwambia kuwa si mimi wa kwanza kwetu kula fedha za watu kwa gwaride: ngoma ya beni ilianza mwambao wa Kenya miaka ya 1890, ikaingia Tanganyika, na vikundi vyake vya Marini na Arinoti vikashindana kwa sare, vyeo na karamu, wengine mpaka mifuko ikatoboka. Nilinyamaza. Huwezi kumpa mhazini mfano wa mifuko iliyotoboka.

Desemba ya mwaka wa pili nilirudi nyumbani kwa tiketi ya vyombo vya bwaloni, nikakuta binti wa Shangazi anaolewa. Matarumbeta yalikodiwa Moshi, yakapanda na kirikuu mpaka kwenye geti la ukumbi, yakashuka. Mpiga tuba wao alikuwa mzee mwenye ala ya viraka. Shangazi alikuwa ameshamnong'oneza. Akaivua, akanivisha.

Wakaanza kupiga. Kila mtu alikuwa anacheza, magoti, mabega, kiuno, bibi harusi anazama anaibuka. Na mimi, Mungu anisamehe, mguu wa kushoto ulitoka wenyewe: inchi 22.5, kisigino kwanza, kifua kimetulia. Nilinyooka kama rula katikati ya mawimbi. Watoto wakanifuata nyuma wakiniiga. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka wakakaa chini. Jirani mmoja, kwa kicheko au kwa huruma, akanijia na noti ya elfu kumi, mwekundu wa Msimbazi, akanibandika kwenye paji la uso lililojaa jasho. Ikashika.

Baba Mdogo akatoka kwenye meza ya kamati akiwa na kaunta buku kwapani. Akaibandua noti ile taratibu, akaifuta jasho kwenye suruali, akafungua ukurasa, akaandika "Marejesho", akapiga mstari kwa rula.

Alichukua yote. Marekani wangenibakizia 86 katika mia.