Muulize Nahodha: Mashua Kavu na Balaa Nyinginezo

Safu hii hujibu barua za wanachama wa vilabu vya matanga vya pwani na maziwa, pamoja na wale waliokwisha kufukuzwa. Huu ni msimu wa kamati kupanga ratiba za mwaka mzima, kwa hiyo barua zimefurika. Majina tumeyaficha, ingawa katika klabu yenye baa moja hilo halisaidii sana.

*Shikamoo Nahodha. Nimechaguliwa katibu wa burudani na mashindano wa klabu yetu hapa Dar es Salaam. Kamati imeshaamua kwamba shindano kuu la mwaka liwe mwezi Aprili, Jumamosi yenye mwezi mpevu, lianze saa nne asubuhi ili tumalize mapema. Baadaye nyama choma na dansi ufukweni chini ya mbalamwezi. Mimi ni mtu wa benki, bahari naijua kwa kuitazama tu. Naomba baraka zako.*
*Katibu Mpya*

Marahaba, mwanangu. Baraka nakunyima.

Kamati yako imepanga sherehe nzuri sana, ila imesahau kuialika bahari. Mwezi mpevu ni bamvua. Na siku za bamvua, katika pwani yetu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kina cha kujaa na cha kupwa hupishana zaidi ya mita tatu. Kwa hiyo mwamuzi atakapopiga honi saa nne kamili, mashua zitakuwa zimelala ubavu mchangani, na mgeni rasmi atakuwa anauliza kama haya ni mashindano au maonyesho. Wenye bidii watazisukuma juu ya mwani na mawe hadi maji ya magotini, na mmoja wao atakanyaga wale viumbe wenye miiba mieusi. Siku nzima itageuka kuwa ya kutafuta ndimu na sindano.

Una njia mbili. Ukiupenda huo mwezi mpevu, anzisha shindano saa nane mchana, maji yakija, na umalize kabla ya magharibi. Ukipenda asubuhi, sogeza mbele wiki moja, kwenye maji mafu. Hapo saa nne ndiyo saa ya maji kujaa, tena hujaa kwa upole. Jedwali la maji hutolewa kila mwaka. Nunua moja, ulibandike baa, mahali ambapo kamati hukutana kwa kweli.

Tukija kwenye Aprili, huo ni mwezi wa masika na tangambili. Kaskazi imeaga, kusi haijajipanga, upepo hutoka popote unapojisikia, na ukikoma ndipo mvua inapoanza. Mwaka wa matanga, mwanangu, hauanzii kalenda ya benki. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hadi Machi, na bahari huwa na staha. Miezi hiyo wape watoto, wanaojifunza na wakwe waliokuja likizo. Kusi ikishakomaa, Juni mpaka Agosti, wape wenye vifua: hapo ndipo pa shindano kuu, na mlingoti mmoja au miwili utavunjika. Septemba na Oktoba kusi inapolegea, pelekeni familia Bongoyo na Mbudya, mbebe maji ya kunywa na mrudi na takataka zenu.

Wazee walihesabu mwaka kuanzia Nairuzi, ambayo watu wa Makunduchi bado huiadhimisha kwa Mwaka Kogwa kila Julai. Siku zake walizihesabu kwa miongo, kumi kumi, ili nahodha ajue lini atweke tanga na lini apandishe chombo pwani akipake deheni. Hawakuwa na katibu wa burudani, na Maskati walifika.

Dansi iache palepale ilipo. Saa nne usiku maji yatakuwa yamekupwa tena, na ufukwe utakuwa mpana kuliko ukumbi wowote mtakaokodi. Ila atakayelala mchangani akumbushwe kuhusu saa kumi alfajiri.

*Nahodha, mume wangu alinunua mashua aina ya Laser miaka mitatu iliyopita. Kila Jumamosi huenda klabuni "kuikagua". Hurudi saa tano usiku ananukia mishikaki, shati kavu. Nikiuliza, husema upepo haukuwa mzuri. Nifanyeje?*
*Mama Watoto, Mikocheni*

Pole, Mama Watoto. Nianze na ushahidi. Laser aliibuni Mkanada Bruce Kirby, mwanzoni kabisa ikiwa ni chombo cha kubebwa juu ya gari kwenda ufukweni. Ina urefu wa mita 4 na ushei, tanga moja la mita za mraba 7 hivi, na mtu mmoja. Iliingia Olimpiki mwaka 1996. Mpandaji huketi ukingoni, miguu ameinasa kwenye mkanda, mgongo unaning'inia juu ya mawimbi. Aliyetoka na chombo hicho akarudi na shati kavu, ama hakutoka, ama ni walii.

Jumamosi ijayo mfuate, funua turubai. Tazama kamba ya tanga: iliyotumika ni laini na ina chumvi, isiyotumika imekakamaa na ina utando wa buibui. Tazama na viganja vyake. Usishangae ukikuta kunguru ameshataga.

Usimgombeze lakini. Mume anayejulikana yuko baa gani ni neema ambayo wenzako wengi wanaiomba. Mwandikishe mwanao mafunzo ya Optimisti, kile kidau cha mita 2.3 alichokibuni Clark Mills huko Florida mwaka 1947 kwa ajili ya watoto. Hadi leo watoto duniani kote hukitumia kujifunza, na hushindana nacho hadi umri wa miaka 15. Mtoto akishajua kubisha na kugeuza tanga, atamuuliza baba yake mbele ya watu, kwa sauti ile ya watoto isiyo na simile: "Baba, yetu inaingia lini majini?" Siku hiyo mumeo ataishusha mashua au ataiuza. Vyovyote atakavyofanya, wewe umeshinda.

*Mimi na shemeji yangu tunashindana mashua moja, yeye usukani, mimi tanga la mbele. Nchi kavu ananiita "shem" kwa adabu zote. Baharini ananiita majina nisiyoweza kuyaandika. Jumapili tuligonga mashua ya watu. Upepo ulikuwa unatupiga ubavu wa kushoto, wao wa kulia. Anasema kosa ni langu.*
*Shem, Mombasa*

Kanuni ya 10 ya mashindano inasema hivi: mashua inayopigwa na upepo ubavu wa kushoto impishe anayepigwa ubavu wa kulia. Mlipaswa kupisha, hamkupisha, basi. Mngejiondoa kando mara moja mkazunguka mara mbili, kila mzunguko mkigeuza omo kuelekea upepo na tezi pia, mngekuwa mmeshalipa deni lenu, ilimradi hamkumpasua mtu. Mkimpasua, mnajitoa shindanoni. Kubishana ni kazi ya nchi kavu, na hiyo ina kamati yake.

Ila niseme ukweli, Shem. Mshika usukani haoni nyuma ya tanga la mbele. Wewe uliyeketi upande wa demani ndiye unayeona, na ulipaswa kupiga kelele. Ulikuwa unatazama nini? Matusi ni kosa lake, ukimya ni kosa lako. Badilishaneni mazoezini: wewe shika usukani wiki mbili, yeye avute kamba za mbele kwenye kusi ya Julai, maji yakimwingia masikioni. Msamiati wake utapungua wenyewe.

*Siwezi kuogelea ila napenda sana safari za klabu, hasa picha. Niende?*
*Mrembo, Kisumu*

Nenda, na jaketi okozi mwilini, limefungwa vifungo vyote. La kukalia halimwokoi mtu. Rangi ya chungwa inapendeza kwenye picha. Halafu jifunze kuogelea, ziwa lenu halina haraka.

*Nahodha, mimi si mwanachama. Ni mvuvi, ngalawa yangu hulala jirani na ukuta wa klabu moja kubwa. Juzi nilikuwa narudi na changu na tasi, nikakuta wanashindana, nikapita katikati yao nikavuka mstari wa mwisho nikiwa wa kwanza. Wakapiga honi, wakashangilia, kisha wakasema sikujiandikisha. Kikombe nina haki nacho?*
*Jirani wa Ukuta*

Kikombe huna, ndugu yangu, kanuni ni kanuni. Soda ya bure ilikuwa haki yako, na kama hukupewa, hiyo ni aibu yao.

Nina neno na hizo kamati. Ngalawa ni gogo la mwembe lililochongwa, matengo mawili, foromali moja na tanga moja. Upepo wa ubavuni ukiipata, mashua nyingi za glasi hubaki zikitazama matengo yake kwa nyuma. Upepo wa mbisho, hapo Laser hukaza zaidi na kuitangulia. Kwa hiyo njia ya haki ipo: pangeni mkondo wa kwenda kisiwani na kurudi kwa upepo wa ubavuni, mfungue daraja la ngalawa, ada isiwepo, na aliyebeba samaki asikatwe alama. Lamu hawakuhitaji kufundishwa hili. Mashua zikishindana Shela siku ya Mwaka Mpya, au mjini wakati wa Maulidi, manahodha ni watu wa palepale, na mji mzima hushuka ufukweni kuwatukana na kuwashangilia. Klabu inayoshindana na wanachama wake kumi na wawili, kati yao tisa wakiwa baa, inahitaji majirani kuliko inavyohitaji kikombe kipya.

Barua za toleo lijalo ziletwe mapema. Zilizolowa maji ya chumvi zitajibiwa kwanza, zenye alama ya glasi ya bia zitasubiri kusi ipite. Nanyi makatibu, kabla hamjachapisha ratiba, tazameni mwezi.