Daktari, Wakili na Ng'ombe Wangu

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, hapa nyumbani Bariadi hatupumui. Mtoto wa mdogo wangu kafaulu PCB yake vizuri, na sasa hataki udaktari tu, anataka na sheria juu yake.

"Baba mkubwa," ananiambia, kakaa kwenye kiti changu, "siku nikishitakiwa kwa uzembe, nitajitetea mwenyewe."

Hajagusa mgonjwa, kesi kaishaipanga!

Nikachukua peni. Udaktari miaka 5, na mwaka 1 wa intani. Sheria pale Mlimani miaka 4, kisha mwaka mwingine Shule ya Sheria, ileile ambayo mwaka 2022 kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, mpaka waziri akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe kutafuta mchawi. Jumla miaka 11, hapo hajarudia hata somo moja.

Bodi ya Mikopo haikukopeshi shahada ya kwanza mara mbili. Ya pili inasomeshwa na ukoo, na ukoo wetu, hela ikitakiwa, huwa ni ng'ombe wangu. Pamba msiniulize, ile niliyopeleka AMCOS imeishia kwenye madeni ya viuadudu.

Wanaompa kichwa nawajua. Shangazi yake ana magoti, anataka daktari wa bure. Jirani ana ugomvi wa mpaka wa shamba, anataka wakili wa bure. Ukimwuliza shangazi atachangia nini, magoti yanaanza kuuma hapohapo. Mama yangu kauliza moja tu: ng'ombe wa mahari watabaki? Maana kwetu Usukumani hakuna mkwe anayepokea vyeti.

Mimi nilishauri aanze na udaktari, nikijua zamu za usiku za intani zitamtoa hamu ya sheria bila mimi kugombana na mtu. Kijana akatabasamu. Kumbe kaishapanga: ataajiriwa kwanza, kisha asome sheria Chuo Kikuu Huria huku anatibu, ada ikitoka kwenye mshahara wake, hata baada ya Bodi kukata asilimia 15 yao.

Hoja ina akili, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Bado kuna ile miaka ya mwanzo, na mkopo wenyewe haujulikani utakuja kamili au nusu. Nikaliandika suala hilo kwenye kundi la ukoo, nikaomba michango. Baba yake mdogo aliyeko Dar kajibu haraka sana. Katuma kidole gumba.