Mtetemo Upewe Haki Yake

Kijiweni kila mtu anaulaani mtetemo wa pikipiki kuukuu, na mimi naona unaonewa. Nani mwingine anakuhudumia hivyo bila kudai chochote? Unakulegezea nati ambazo hukujua kama zipo. Unakutia ganzi vidoleni, usiisikie baridi ya alfajiri. Kioo cha pembeni unakitikisa mpaka anayekudai, akikufuata nyuma, hatambuliki sura, nawe unakwenda zako kwa dhamiri safi.

Tena una nasaba. Chukua Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, ambayo injini yake viwanda vya China viliiiga mpaka ikajaa mitaani kwetu. Silinda ni moja. Pistoni inapanda, inasimama, inashuka, inasimama tena. Krenki ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, hayo yanatokea mara 100 kila sekunde. Krenki imewekewa uzito upande wa pili ili kuituliza, lakini uzito huo ukitosha kuua mtikisiko wa juu na chini, unazaa mwingine wa mbele na nyuma. Wahandisi wakaamua kugawana hasara: karibu nusu huku, iliyobaki kule. Ndiyo maana hata pikipiki ambayo siti yake bado ina nailoni ya dukani inatetemeka, na ni halali yake.

Ninaousifu mimi ni ule ulioongezeka juu ya huo wa kuzaliwa. Haujui kusema uongo, mradi uuulize vizuri. Iweke fri, simama palepale, piga resi: ukija, makao yake ni injini. Usipokuja, ingia barabarani, shika mwendo, kisha bana klachi na uachie mafuta. Injini imerudi kwenye sailensa. Kama bado unatikiswa, ugomvi uko kwenye tairi, beringi za magurudumu au cheni. Cheni iliyochakaa hairefuki sawasawa. Zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono uone inavyokaza hapa na kulegea pale.

Kwa injini, anza na boliti zinazoishika kwenye fremu. Inama uchungulie: ukiona unga mwekundu wa kutu umezunguka kichwa cha boliti, jua vyuma vimesuguana hapo siku nyingi. Huenda spana peke yake ikamaliza kesi. Lakini nani anainama siku hizi? Fundi anasikiliza kwa mbali, anatikisa kichwa, anatamka "imenoki hiyo", na injini inashushwa. Ikiwa ni ya zile zenye shafti ya kusawazisha, inarudishwa alama zikiwa zimepishana jino moja, na mtetemo unarudi na nguvu mpya. Mnaolalamika kuhusu ajira, mmeuona mchango wake?

Wala hauhongeki. Mwenye kuuza ataosha injini, atapaka tangi rangi, ataiwasha mapema ipate moto na kupandisha sailensa ili mlio usikatikekatike. Mwombe aizime, ipoe, kisha uiwashe mwenyewe na kuweka kiganja juu ya tangi. Yeye ataanza hadithi ya mwenye nayo wa kwanza, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akiitoa Jumapili tu kwenda kanisani. Hajafika kwenye ubeti wa pili, kibao cha namba kimeshaanza kupiga kelele huko nyuma, na bei inashuka bila wewe kufungua mdomo.